Mikono Kizuizini

Tarehe 9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mpe na baba shikamoo yangu, lakini mguse bega kwanza, usimtokee tu mbele kama kawaida yako halafu ukasema yeye ndiye mwenye woga.

Tangu wazime simu za video huko nyumbani, ikifika jioni sijui nikae wapi. Nilishazoea: natoka hospitali, navua viatu, naegemeza simu kwenye birika, na baba anatokea na vumbi la mbao kwenye nyusi. Sasa birika lipo, simu ipo, na mimi nipo naitazama kama mtu aliyeachwa na basi. Mwenzangu wa chumbani, yule msusi niliyekwambia kwao ni mtaa wa pili kutoka kwetu, ananiambia nizoee. Yeye anampigia mama yake kwenye kibanda cha simu cha Idara ya Usalama wa Mawasiliano, wanasikilizwa lakini wanaongea. Nikamwambia baba yangu hana sauti ya kupeleka kwenye kibanda.

Huku wananilipa mshahara kukaa katikati ya daktari na wagonjwa viziwi, nikigeuza maneno kuwa mikono na mikono kuwa maneno. Wananiita mkalimani. Nikiwaambia kwamba ujuzi huu nimeupata nyumbani, kwa seremala kiziwi, nikiwa bado natambaa, wanadhani natania. Nikiwaambia nchini kwetu mtu haruhusiwi kumwona mwanawe kwenye simu, wanadhani sijui kusema lugha yao vizuri.

Basi nimejirekodi. Nimezungumza na baba karibu saa nzima, mambo yote, na upuuzi wote. Nimeweka kwenye memori kadi na nimeituma kwa rejista. Kadi si simu, wala si mtandao. Sidhani kama kuna sheria inayoikataza. Ikifika, washa ile kompyuta ya zamani, mweke baba karibu, halafu wewe utoke chumbani. Kuna mengine nimekusema.

Binti yako

*

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kadi haijafika ila barua imefika, imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi, na mistari miwili ya mwisho ya ukurasa wa kwanza imepakwa wino. Kwa hiyo andika kwa upole. Aliyeko posta naye ana macho.

Nimemsomea baba yako kwa mikono. Unajua mikono yangu; yeye husema naongea kama mtu anayefukuza nzi. Alicheka pale penye kuegemeza simu kwenye birika, halafu akaniuliza kama nimefupisha. Nikasema sijafupisha. Akasema mtoto wake hawezi kusema maneno machache hivyo.

Jana alijikata kidole kidogo karakanani, si kitu. Nimemwambia apunguze kazi. Sasa anapenda kukaa dirishani, penye mwanga. Umri nao unamwingia.

Kuhusu kuja likizo, hujauliza, lakini najua unafikiria. Nakujibu wazi: usije. Mtoto wa jirani yetu, yule fundi redio, alikuja kumzika baba yake. Pasi yake waliichukua uwanja wa ndege kwa ukaguzi, na mpaka leo inakaguliwa. Mkewe na mtoto wako huko huko alikowaacha. Anashinda barazani kwao akitengeneza redio ambazo hazijaharibika. Baba yako anasema uliondoka kwa mlango wenye kitasa upande mmoja tu. Amesema mwenyewe, sijaongeza.

Mama yako

*

IDARA YA USALAMA WA MAWASILIANO
Tarehe 15 Aprili

Kwa Fundi Seremala, mkazi wa nyumba za nyuma ya soko.

YAH: KADI YA KUMBUKUMBU ILIYOZUILIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kifurushi kilichotumwa kwako kutoka nje ya nchi kimefunguliwa na kukaguliwa. Ndani imekutwa kadi yenye picha za video za mwanamke mmoja akichezesha mikono kwa muda mrefu bila kutamka neno. Maafisa wetu wamejiridhisha kwamba uchezeshaji huo wa mikono una mpangilio, hivyo ni ujumbe. Na kwa kuwa ujumbe huo haueleweki, unahesabika kuwa ujumbe wa siri.

Ili kukabidhiwa kadi hiyo, unatakiwa kuwasilisha tafsiri yake kamili kwa maandishi, yenye muhuri wa mkalimani mwenye leseni ya Idara. Unafahamishwa kwamba hadi sasa Idara haijatoa leseni kwa mkalimani yeyote wa aina hiyo. Aidha, huruhusiwi kuitazama kadi kabla tafsiri haijapokelewa.

Tunakutakia utekelezaji mwema.

Afisa Mkaguzi wa Picha

*

Tarehe 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimeipata barua ya Idara uliyoninakilia. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikampa msusi anisomee kwa sauti, labda mimi ndiye nimesahau Kiswahili. Alipofika pale pa kutokuwa na leseni alicheka mpaka akaangusha kitana, halafu akaikunja barua akanirudishia.

Umeniambia niandike kwa upole. Najaribu. Ila niambie, mama, nchi nzima inaogopa nini? Wanafunga mtandao, wanafunga simu, wanaweka pasi za watu makabatini, na wanaita hayo yote usalama. Usalama wa nani? Baba hajawahi kumtukana hata polisi aliyemgonga na pikipiki. Amekaa maisha yake yote katika nchi ambayo hakuna ofisi hata moja inayoweza kumwambia habari za asubuhi. Kilikuja kifaa kidogo, cha kwanza katika maisha yake, kikampa mtu wa kuongea naye kutoka mbali, kama watu wengine. Wakakizima. Leo mikono yangu imewekwa kizuizini kwenye droo ya mtu asiyejua hata kusema ndiyo kwa mikono.

Wakipaka wino hapo, sawa. Nitaandika tena kwenye barua ijayo.

Hospitali wamenipa barua yenye muhuri kuthibitisha kwamba mimi ni mkalimani. Nimeiambatanisha, na tafsiri nimeiandika yote, kurasa kumi na moja. Nimeona aibu kuiandika. Kuna mambo ya baba na mimi ambayo yakiwa kwenye karatasi yanaonekana ya kitoto. Nimeweka na picha yangu mpya pia. Mwonyeshe baba, uniambie anasemaje.

Binti yako

*

Tarehe 6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Tafsiri tumeipeleka sisi wenyewe, mimi na baba yako. Ofisi iko ghorofa ya tatu na lifti haifanyi kazi. Afisa mwenyewe ni kijana, ana adabu zake, alimpa baba yako kiti. Aliipokea barua ya hospitali kwa mikono miwili, akaisoma, akasema muhuri wa nje hautambuliki. Nikaomba baba yako aitazame kadi hapo hapo mbele yake, atafsiri kwa mikono na mimi niseme kwa mdomo. Akasema mtuhumiwa hawezi kutafsiri ushahidi wake mwenyewe. Nikamuuliza mzee huyu anatuhumiwa nini. Akasema hilo ndilo litakalojulikana baada ya tafsiri.

Tangu hapo baba yako anataka kwenda kila Jumatatu. Anakaa kwenye benchi la pale mapokezi, ameelekeza uso kwenye ule mlango. Nimemwambia wewe mzee, kadi haitatoka yenyewe ikakufuata. Akasema anataka tu wajue kuwa ina mwenyewe.

Karakana tumeifunga. Ameamua kupumzika. Usiniulize sana, mtu akichoka amechoka.

Picha yako aliipokea vizuri. Aliishika, akaipapasa, akaitia kwenye mfuko wa shati. Amesema umependeza.

Mama yako

*

Tarehe 1 Julai

Mama,

Shikamoo. Nitasema moja kwa moja, maana nimeshindwa kulala na hili.

Kwenye picha ile nimenyoa kichwa chote. Msusi ndiye aliyeninyoa, kwa kuwa nilichoka nywele kunidondoka. Baba yangu ni yule yule aliyeninunia siku mbili nilipokata nywele za mbele nikiwa darasa la sita. Leo anaona kichwa changu cheupe kama yai, anasema nimependeza, na picha inaingia mfukoni?

Ana hasira na mimi, na wewe unamfichia. Tangu Machi hujaniletea neno lake hata moja lenye ukali. Yote ni mazuri, yote yanafanana, kama kadi za harusi. Baba hasemi hivyo. Baba anachokoza, anauliza, anabisha. Amefunga karakana ambayo hakuifunga hata alipofiwa na mama yake. Nadhani ameniona mtu niliyeondoka nikamwachia ukimya, na sasa amechoka kunisubiri. Kama ndivyo, mwambie aseme. Afadhali anigombeze kwa mikono yako ya kufukuza nzi kuliko hizi salamu.

Au nije mwenyewe nimwulize?

Binti yako

*

Tarehe 20 Agosti

Mwanangu,

Baba yako alinikataza kuandika haya. Naandika yeye akiwa amelala, na kama ni kosa, nitalibeba mwenyewe.

Hana hasira na wewe. Haoni.

Ilianza kabla hujaondoka, kidogo kidogo, kutoka pembeni. Alikuwa akigonga milango, tukadhani ni uzee. Daktari wa macho alisema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, unaofuatana na ule uziwi, na hauna dawa huku wala huko. Alisema mgonjwa anakuwa kama mtu anayechungulia kwenye tundu la funguo, na tundu linazidi kuwa dogo. Ulipokuwa unapiga simu jioni, alikuwa anakuona wewe katika lile tundu, uso na mikono, hakuna kingine. Chumba chote kilikuwa giza kwake, lakini wewe ulienea humo. Ndiyo maana alikuwa anasogeza simu karibu na pua, ukawa unamcheka.

Alisema ukijua utarudi, na ukirudi hawatakuachia utoke tena. Akaniapisha. Wakati ule bado alikuwa anaona kidogo. Alihesabu kwamba kadi itatoka kabla tundu halijaziba. Zile Jumatatu zote alikuwa anashindana na hilo. Mimi nilikuwa nakaa naye pale benchini namwona anavyokunja macho kuutazama mlango, kila wiki anakunja zaidi, na yule afisa anapita na chai yake anatusalimia.

Picha yako hakuiona. Aliniuliza ukoje, nikamwambia umependeza. Nisamehe, sikuweza kumwambia kwamba umenyoa, maana angetaka kukuona.

Wiki iliyopita afisa alituita ndani. Alifunga mlango. Akasema amri haijabadilika, ila yeye ana baba pia. Akasema, "Tazameni hapa hapa, kisha mimi sijaona kitu." Akawasha kompyuta yake, akamvutia baba yako kiti mpaka magoti yakagusa meza.

Ukatokea. Mimi nilikuona, mwanangu, umekonda. Ulianza kwa ile ishara ya jina lake, ya kukwangua nyusi kama mtu anayetoa vumbi.

Baba yako alitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Alitabasamu. Aliitikia kwa kichwa. Mara moja alijipiga paja kwa kucheka, na wewe wakati ule ulikuwa unafuta machozi. Hapo nikajua. Alikuwa anaona mwanga unachezacheza tu, basi, lakini hakutaka yule kijana ajue kwamba amehatarisha kazi yake bure. Ulipomaliza akaijibu skrini kwa mikono yake, polepole, akisema: "Nimekuona. Nimekuona vizuri." Afisa aligeukia dirishani.

Nje, kwenye ngazi, alinishika akaniuliza ulisema nini. Tulikaa pale pale kwenye ngazi, watu wanatupita. Nikaiweka mikono yake juu ya mikono yangu, nikakurudia wewe, neno kwa neno, kadiri nilivyokumbuka. Sikukumbuka yote. Saa nzima ni maneno mengi, na nilikuwa nalia. Zile kurasa zako kumi na moja zimo kwenye faili lao, hawazirudishi. Kadi nayo imebaki kwenye droo.

Nilipomaliza alisema: "Hii ni mikono yako wewe. Yake sikuipata."

Ndiyo hali ilivyo. Sasa unajua. Kaa huko huko. Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu.

Mama yako

*

Tarehe 12 Septemba

Mama,

Shikamoo.

Nakuja. Usimwambie baba.

Binti yako

*

Tarehe 24 Novemba

Mwenzangu,

Salamu nyingi kwako, msusi wangu. Barua hii itapitia kwa mtu kabla ya kukufikia, kwa hiyo namsalimu na yeye, na kumwomba asiimalizie wino wake.

Nimefika salama. Bila shaka umeshapokea barua ya mama ya kunikataza nisije. Usiifungue wala usinitumie. Najua ilichosema, kila asubuhi ananisomea usoni.

Pasi waliichukua palepale uwanjani, kwa adabu kabisa, wakanipa kikaratasi. Nilipouliza nirudi lini kuifuata, yule dada wa dirishani aliniangalia kama nimemuuliza mvua itanyesha lini mwakani. Kwa hiyo kitanda changu mpe mtu mwingine. Koti langu zito chukua wewe, huko baridi inakutesa na wewe. Mkuu wangu wa kazi mweleze tu kwamba baba anaumwa na nimeshindwa kurudi. Usimweleze zaidi, hataelewa, atadhani tunamtania.

Nataka nikusimulie siku niliyofika, maana hapa sina wa kumsimulia. Mama akianza kusikiliza analia.

Baba alikuwa amekaa kwenye mlango wa karakana, kiti kimegeukia ndani, penye mabenchi yaliyofunikwa maturubai. Amezeeka, shati limekuwa kubwa. Sikumgusa bega, niliogopa. Nilipiga magoti mbele yake nikaichukua mikono yake nikaiweka juu ya yangu, kama mama alivyoniandikia. Niliiacha tu mikono yangu pale.

Aliipapasa. Kwanza vidole, kimoja kimoja, kama anavyopima ubao kabla ya kukata. Akafika kwenye kifundo, akapanda mpaka kwenye kiwiko, akarudi. Halafu akanishika kichwa, akakuta hakina nywele, na uso wake ukabadilika. Nilidhani atacheka. Mwenzangu, nimelala ndege nzima nikiota namna atakavyocheka.

Alinisukuma. Si kwa nguvu nyingi, lakini nilikaa chini. Akasema kwa mikono, akielekea mahali ambapo sikuwepo tena, maana hakuona nimeangukia wapi: "Rudi. Nimekaa gizani ili wewe uwe huru. Nimekuwa nacho hicho kimoja tu. Rudi." Akarudia na kurudia, akiuambia ukuta, mpaka mama alipokuja kumshika.

Tangu siku hiyo alikunja ngumi. Sijui kama utanielewa. Mimi na wewe tukigombana, unageuka ukutani nami naendelea kukusemesha. Yeye hana masikio, sasa hana macho, ana viganja tu. Akikunja ngumi amefunga mlango na madirisha. Mama akimpa chakula alikuwa anafungua, anakula, anafunga tena. Mimi nikikaribia ananijua kwa harufu ya sabuni, anaficha mikono kwapani. Nilikaa naye hivyo siku nyingi. Nilifagia karakana, nikakunja maturubai, nikaupaka mafuta msumeno wake ambao hataushika tena. Nilikwenda Idara ghorofa ya tatu kuuliza kadi yangu. Yule afisa kijana hayupo, wamemhamisha, na aliyepo hajui habari zake wala za droo yake. Nilirudi nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na cha baba, mikono mitupu.

Unajua nilikuja na hasira nyingi za kumsimulia. Nilitaka nimwambie nchi hii imetuibia nini. Pale karakanani nikaona anajua kuliko mimi. Ndiyo maana hataki kuongea nami. Kila akinigusa anagusa kilichopotea.

Usirudi. Nakuandikia hasa kwa ajili ya neno hilo. Najua ulikuwa unafikiria Desemba. Mama yako nimemwona, ni mzima, ana sauti, mpigie kwenye kibanda mwongee habari za hali ya hewa, mtosheke na hiyo.

Jana alasiri mama alikwenda dukani. Nilikuwa nimekaa karibu na baba nikimenya viazi, simwangalii. Nikasikia kiti chake kinalia. Nilipoinua macho, alikuwa ameunyoosha mkono mmoja mbele yake, kuelekea upande wangu, na ngumi ilikuwa imefunguka. Kiganja kiliangalia juu. Alingoja tu.

Nilifuta mikono kwenye gauni. Nilikuwa na saa nzima ya maneno niliyoyapanga kule kwetu chumbani, yale yale yaliyoko kwenye kadi, na mengine ya hasira niliyoyaongeza njiani. Nikakikamata kiganja chake, na sikujua nianzie wapi.

Mwenzako wa chumbani